Volti, Ampea na Waya Unaopata Moto

Wengi wetu tumewahi kushika waya wa ekstensheni na kukuta una joto. Pengine ilikuwa bwenini, mtu akipiga pasi kanzu yake ya Jumapili, au ukumbini siku ya somo wa parokia, birika la umeme likichemsha maji ya chai ya wageni. Tulisema tu, “Umeme umezidi,” tukaendelea na kazi. Katika makala hii tunataka tujue umezidi kiasi gani, maana jambo hili linahesabika kwa kuzidisha na kugawanya tu.

Tuanze na maneno matatu. Volteji ni msukumo wa umeme, nao hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, nao hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni jinsi waya au kifaa kinavyouzuia mkondo usipite kirahisi, nao hupimwa kwa omu. Tangi la maji linatusaidia kuelewa: kimo cha tangi ni kama volteji, maji yanayopita bombani ni kama mkondo, na wembamba wa bomba ni kama ukinzani.

Uhusiano wa vitu hivi vitatu ulielezwa na Georg Simon Ohm, mwalimu Mjerumani aliyefundisha katika mji wa Köln, kwenye shule iliyowahi kuongozwa na Wajesuiti. Alichapa kitabu chake mwaka 1827. Kanuni yake ni hii:

Ukinzani = volteji ÷ mkondo

Kanuni ya pili inatupa nguvu ya umeme, yaani kasi ambayo kifaa kinatumia umeme. Nguvu hupimwa kwa wati:

Nguvu = volteji × mkondo

Sasa tuchukue birika letu. Umeme wa majumbani kwetu Tanzania ni volti 230. Tuseme birika linavuta ampea 10. Ukinzani wake ni 230 ÷ 10 = omu 23. Nguvu yake ni 230 × 10 = wati 2,300. Likiwaka saa nzima litakula uniti 2.3 za LUKU, kwa kuwa uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Mara nyingi hatuna kipimo cha ampea, lakini kifaa kina kibandiko chenye idadi ya wati. Hapo tunageuza kanuni: mkondo = nguvu ÷ volteji. Pasi ya wati 1,150 inavuta 1,150 ÷ 230 = ampea 5.

Tufike sasa kwenye ule waya wenye joto. Waya nao una ukinzani, ingawa ni mdogo. Ekstensheni ya mita 20, yenye nyaya nyembamba za shaba za milimita 0.75 za mraba, ina takriban omu 1, tukihesabu umeme kwenda na kurudi. Joto linalozaliwa ndani yake ni mkondo × mkondo × ukinzani. Tukichomeka pasi peke yake, tunapata 5 × 5 × 1, yaani takriban wati 25. Tukichomeka birika peke yake, tunapata 10 × 10 × 1, yaani takriban wati 100. Mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne!

Wati 100 ni joto la balbu kubwa ya zamani, ile ambayo hatukuthubutu kuigusa ikiwaka. Waya ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto hilo hutawanyika. Ukiwa umeviringishwa, au umefunikwa na zulia au godoro, joto halina pa kutokea, na plastiki huanza kulainika.

Wengi hudhani fyuzi itatuokoa. Fyuzi ya plagi zetu kwa kawaida ni ya ampea 13, na waya mwembamba wa namna hii kwa kawaida hutengenezwa kwa ampea 6 hivi. Birika la ampea 10 litapita bila fyuzi kukata, huku waya ukiendelea kupika. Vivyo hivyo plagi iliyolegea: ikiongeza nusu omu tu pale inapogusana na soketi, ampea 10 zitazalisha pale karibu wati 50. Ndiyo maana plagi nyingine huwa nyeusi na kunuka.

Hesabu hizi zinafaa kwa vifaa vya kutoa joto, kama pasi, birika na jiko la umeme. Vifaa vyenye mota, kama friji na pampu, vina hesabu ya ziada, na vinapoanza kuwaka huvuta mkondo mkubwa zaidi.

Basi, kabla ya sherehe ijayo tufanye hivi: tusome wati za kila kifaa kitakachochomekwa kwenye ekstensheni moja, tuzijumlishe, tugawanye kwa 230. Jibu likizidi ampea zilizoandikwa kwenye ekstensheni, tuchomoe kimoja. Birika na pasi tuvichomeke moja kwa moja kwenye soketi za ukutani. Na plagi iliyoungua tusiifunge kwa gundi, tumwite fundi umeme. Hesabu hiyo haimalizi dakika tatu, na bwenini kuna watu wamelala.