Roketi ya chupa ya soda: kwa nini tunasema maji na upepo, si moto

Msikilizaji wetu mmoja wa Wambaa, wilaya ya Mkoani, ametuuliza kama vijana wa kijijini wanaweza kutengeneza roketi kwa vitu vilivyotupwa, bila kununua kitu dukani. Akaongeza kuwa wapo waliokwisha kujaribu kwa vichwa vya viberiti na kipande cha bomba, na mmoja wao ameungua mkono.

Jibu la swali lake ni ndiyo, wanaweza. Ila ile njia ya viberiti na bomba waiache leo hii. Ipo njia nyingine inayotumia chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli, na kitu kinachoruka ni roketi kamili, kinafuata kanuni ileile ya roketi zinazopeleka watu angani. Hapa tunaieleza kwa urefu kuliko tunavyoweza hewani.

Tuanze na pweza. Kila aliyewahi kuchokoa pweza maji yakiwa yamekupwa anajua anavyokimbia. Hujaza maji mwilini, akayabana, kisha akayatoa kwa kishindo kupitia kijitundu kimoja. Maji yanakwenda huku, yeye anakwenda kule. Hajisukumi kwa kuegemea mwamba wala mchanga. Anatupa kitu nyuma, na kule kutupa ndiko kunakompeleka mbele. Roketi hufanya hivyohivyo, na kwa sababu hiyo inaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa ya kuegemea. Zile kubwa hutupa moshi wa moto, yetu itatupa maji.

Mambo haya si mageni kwetu kama wengi wanavyodhani. Kule Unguja, Tunguu, kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kusikiliza na kufuatilia vyombo vya angani katika mpango wao ulioitwa Mercury. John Glenn alipozunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuata kwa redio. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Na ukipanda na pwani kaskazini hadi Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco na kurusha roketi kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Disemba 1970 iliondoka pale setilaiti ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Walichagua pwani hii kwa sababu ipo karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure.

Roketi zilizoondoka San Marco zilitumia fueli kavu, yaani moto uliofungiwa ndani ya chuma. Kwa kuwa hata sisi tunawaza moto tukisikia neno roketi, kijana hukimbilia kiberiti. Tatizo ni kwamba moto uliofungiwa hauna kiasi. Unga ukishika kwa wakati mmoja badala ya kuungua polepole, au tundu likiziba kidogo tu, bomba linapasuka na kila kipande kinakuwa risasi. Wenzetu wa pwani wanaijua habari hiyo kwa upande wa uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku, na wapo waliobaki bila vidole. Wanaofanya kazi ya roketi kwa ujuzi wote hukaa mbali sana, nyuma ya ukuta, wakati wa kurusha. Kijana aliyechuchumaa na njiti mkononi nyuma ya nyumba hana ukuta. Hatutaeleza namna ya kutengeneza roketi ya moto, na anayekuelekeza kwenye simu jinsi ya kuchanganya unga wa namna hiyo hakutakii mema.

Upepo uliobanwa nao una nguvu, tusidanganyane. Tuseme umejaza chupa mpaka shinikizo la ndani limezidi la nje kwa mara 2 ya uzito wa hewa inayotuzunguka, yaani chini kidogo ya tairi la baiskeli lililojaa vizuri. Maji yatatoka mdomoni kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa, kasi ya daladala linalokimbia. Chupa itasukumwa juu kwa nguvu kama ya kunyanyua mzigo wa kilo 14, wakati yenyewe na maji yake haifiki hata kilo moja. Kazi yote inakwisha chini ya nusu sekunde, halafu chupa tupu inaendelea kupanda kwa kasi iliyokwisha kuipata. Hufika mita 15 hadi 20, kimo cha mnazi uliokomaa. Sasa fikiri uso wa mtu ukiwa juu yake.

Kwa nini maji, na si upepo mtupu? Upepo ni mwepesi. Ukitoka peke yake hauna uzito wa kutosha wa kusukuma kitu. Maji ni mazito, lakini hayabaniki, kwa hiyo hayawezi kuweka nguvu. Ukiviunganisha, upepo unakuwa springi na maji yanakuwa mzigo unaotupwa. Chupa ikijaa maji tele haina nafasi ya springi, na ikiwa na maji kidogo mno haina cha kutupa. Kwa kawaida theluthi moja ya chupa, au pungufu kidogo, ndiyo inayofaa. Kwa chupa ya lita moja na nusu ni vikombe viwili vidogo vya chai.

Chupa yenyewe iwe ya soda yenye gesi. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba, hazikutengenezwa kubana kitu. Ya kioo isiguswe kabisa. Pwani yetu imejaa chupa zilizoletwa na mawimbi, lakini zilizokaa juani miezi hazifai, jua hudhoofisha plastiki ikakatika kama ganda la yai. Chukua iliyonywewa juzi kwenye harusi, isiyo na mkwaruzo wala mkunjo. Usiitoboe, usiipashe moto, usiigandishe kitu kwa plastiki iliyoyeyushwa. Ukiona michirizi myeupe imejitokeza ubavuni, hiyo imechoka, tafuta nyingine.

Kizibo ndicho kinachohitaji subira. Kandambili kuukuu ni dawa yake. Kata viduara viwili kutoka kwenye soli, vipana kidogo kuliko mdomo wa chupa, uvigandishe pamoja, halafu uvichonge kwa wembe mpaka viingie kwa kusukuma na kuzungusha, kama kizibo cha mtungi. Toboa katikati na upitishe kipande cha ganda la kalamu ya wino, tupu pande zote mbili. Kibane kabisa, kwa kuwa upepo wote utapita humo.

Upande wa nje wa lile ganda la kalamu unavishwa mpira mwembamba. Ule wa fundi mwashi wa kupimia levo unafaa sana, na mafundi wengi wana vipande walivyoviacha. Uwe na urefu wa mita 5 au zaidi, maana urefu huo ndio usalama wa anayepiga pampu. Mwisho wa pili wa mpira ingiza kile kidude cha kutilia upepo kilichokatwa kwenye tyubu mbovu ya baiskeli. Kina uzuri wake: kinaruhusu upepo kuingia na kuuzuia kurudi. Viungo vyote vizungushie vipande vya tyubu vilivyovutwa na kufungwa kwa nguvu. Fundi baiskeli yeyote atakuonyesha fundo lake.

Mabawa matatu ya mkiani yanakatwa kwenye dumu la mafuta ya kula lililopasuka, na hugandishwa kwa solatepu. Yashuke chini kupita mdomo wa chupa, ili roketi iweze kuyasimamia. Kichwani, upande wa kitako cha chupa, vika kofia ya karatasi ngumu au nusu ya mpira wa kuchezea, na ndani tia donge la udongo wa mfinyanzi kama yai la kuku. Usitie jiwe wala msumari. Kitakachopanda kitashuka, na kitashuka kichwa chini.

Donge hilo wengi hulipuuza, na ndilo linaloamua kama roketi itakwenda juu au itageuka ikurudie. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma kwa sababu hiyohiyo: uzito uongoze, upana ufuate. Uzito ukiwa nyuma, upepo unakikamata kichwa na kukipindua. Hata wakubwa yamewapata mambo ya kuacha njia. Huko Kongo, mhandisi Jean-Patrice Keka amekuwa akitengeneza roketi zake mwenyewe ziitwazo Troposphère, na ile ya tano, mwaka 2009, ilibeba panya ndani yake. Iliacha njia ikaanguka. Wengine humcheka kwa ajili ya panya yule. Sisi tunaona ameonyesha kuwa kazi hii inaweza kufanywa na mtu wa kwetu, na pia kuwa si ya kufanyia karibu na watu.

Kujua kama yako imekaa sawa, ifunge uzi kiunoni pale inapolingana kama mizani, kisha izungushe juu ya kichwa ikiwa haina maji. Ikielekeza kichwa mbele na kubaki hivyo, iko tayari. Ikienda mkia mbele au kupepesuka, ongeza udongo au panua mabawa.

Kabla ya kurusha, ipime. Jaza chupa maji mpaka juu kabisa, ifunge kizibo, ilaze mchangani na upige pampu kutoka mbali mpaka kizibo kitoke. Kwa kuwa maji hayabaniki, chupa dhaifu itapasuka hapo kwa kuchanika tu na kuwalowesha, haitalipuka.

Pa kurushia Wambaa si pa kutafuta mbali. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, ufuko unakuwa mpana, hauna minazi wala majamvi ya karafuu. Upepo wa kaskazi au wa kusi ukiwa mkali subirini asubuhi ya kesho, na mitumbwi ikiwa karibu subirini ipite. Chomekeni fito tatu kuizunguka chupa zisimame kama reli, za mti wowote, si lazima mkoko ukatwe kwa mchezo. Mpira wa upepo ufungwe kwenye kigingi ili usiruke na roketi.

Anayepiga pampu ni mtu mzima au mwanafunzi mkubwa aliyesimamiwa, mwisho kabisa wa mpira. Wadogo wakae nyuma hatua 20. Hesabuni kwa sauti. Kizibo kitatoka chenyewe shinikizo likikizidi nguvu, na hiyo ndiyo kinga yetu kubwa: kinaachia kabla chupa haijafika mahali pa kupasuka. Kwa hiyo asije mtu akakifunga kwa waya au kukigandisha kwa gundi ili ipande juu zaidi. Hapo mmeigeuza chupa kuwa bomu. Na kizibo kikikataa kutoka, hakuna anayeisogelea roketi. Bonyezeni kile kidude upande wa pampu upepo utoke wote, mgoje, ndipo mwende.

Waalimu wa skuli walio na sisi hapa watapenda sehemu ya kupima. Kunja karatasi ya mraba kona kwa kona upate pembetatu. Ishike ukingo mmoja ukiwa sawa na ardhi, na uzi wenye kijiwe ukining'inia kukuhakikishia, utazame kupitia ule ukingo wa mshazari. Mtazamaji asogee mbele au nyuma katika mirusho kadhaa mpaka roketi ikifika kileleni ionekane hasa kwenye ncha ya mshazari. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye fito, ukijumlisha kimo cha macho yake, ndio kimo cha roketi. Hatua za miguu zinatosha, mkishapima hatua moja ni sentimita ngapi.

Kisha badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati: leo kikombe kimoja cha maji, halafu viwili, halafu vitatu, kila kiasi mara 3, na kuandika kwenye daftari. Mtaona kimo kinaongezeka, kinafika mahali, kinaanza kushuka. Mahali hapo panatofautiana kidogo kwa kila chupa na kila kizibo, hivyo hesabu za Wambaa na za Mtambile huenda zisifanane. Mkizipata, zileteni studio kwa ujumbe wa simu pamoja na ukubwa wa chupa mliyotumia, tutazisoma hewani.