Plasta ni Moja, Nambari ni Mbili: Yanayoandikwa Mfupa Ukivunjika

Mwaka jana khalati yangu aliteleza uani kwake, sakafu ikiwa bado ina maji ya kufulia, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kikapinda vibaya, hata asiyekuwa daktari angejua mfupa umevunjika. Tukamkimbiza hospitali ya kibinafsi. Akapigwa eksrei, akadungwa sindano ya ganzi, daktari akauvuta mfupa mpaka ukarudi mahali pake, ndipo akafungwa plasta. Kufikia Magharibi alikuwa nyumbani, alhamdulillahi.

Wiki tatu baadaye ikaja simu. Bima imelipa kiasi kidogo tu, na hospitali inamdai khalati zilizobaki. Kwa kuwa mimi nina stashahada ya kumbukumbu za matibabu, karatasi zote nikaletewa mimi. Kosa halikuwa gumu kuliona. Daktari aliandika kwenye faili kwamba mfupa umerudishwa mgonjwa akiwa na ganzi. Aliyejaza fomu ya bima akaandika "plasta ya mkono", basi. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina nambari yake na bei yake.

Wengi wetu hatujui kwamba bima haisomi hadithi ya mgonjwa. Inasoma nambari. Na nambari hizo ni za aina mbili.

Aina ya kwanza hueleza umeumia nini. Mpangilio wake huitwa ICD, na husimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, majeraha mengi huanza na herufi S. S52 ni mfupa wa kigasha, S72 ni wa paja, S82 ni wa mguu chini ya goti. Kuvunjika kama kwa khalati, karibu na kifundo cha mkono, ni S52.5. Ikiongezwa sifuri mwishoni, maana yake ngozi haikupasuka. Ikiongezwa moja, mfupa uliachwa wazi na kidonda. Kuna nambari nyingine pia zinazoeleza umeumiaje. V20 hadi V29 ni za waliokuwa juu ya pikipiki. Zikiandikwa sawasawa, serikali inaweza kuhesabu ni mifupa mingapi inayovunjwa na bodaboda, ijue wapi pa kupeleka madaktari wa mifupa.

Aina ya pili hueleza daktari amefanya nini. Marekani wana orodha maarufu iitwayo CPT, na naitumia hapa kwa mfano kwa sababu inaonyesha tofauti waziwazi. Kwa mfupa huohuo wa karibu na kifundo, 25600 ni kuutibu bila kuuvuta wala kuurudisha. 25605 ni kuurudisha kwa mikono bila kupasua. 25606 ni kuushika kwa vyuma vinavyopitishwa kwenye ngozi. Kuanzia 25607 hadi 25609 ni upasuaji wenyewe, na nambari hupanda kulingana na kama kiungo kimeguswa na mfupa umekatika vipande vingapi. Mgonjwa wa kwanza na wa pili wote hutoka na plasta ileile nyeupe. Ukiwatazama barabarani huwezi kuwatofautisha, lakini kazi waliyofanyiwa si moja.

Hapa ndipo watu huchanganya. "Wazi" na "funge" zina maana mbili. Mfupa uliovunjika bila kidonda unaweza kutibiwa kwa kupasuliwa, na hiyo ni tiba ya wazi. Kidonda ni cha ajali. Kupasua ni uamuzi wa daktari. Karani asiyejua hilo ataandika nambari isiyo yake, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Kosa huweza kwenda upande wa pili pia. Hospitali ikiandika upasuaji ambao haukufanywa, imekula mali ya wachangiaji wote wa mfuko ule. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wafanyakazi hukatwa mshahara na wafanyabiashara wadogo huchangia kwenye mfuko mmoja. Nambari ya uongo ni wizi, hata ikiandikwa kwa kalamu safi.

Tulirudi hospitali na nakala ya faili. Ilichukua safari nne na karibu mwezi mzima, fomu ikarekebishwa, bima ikalipa. Khalati akasema mkono wake ulivunjika mara mbili, mara ya pili kwenye karatasi.

Basi, ndugu yangu, kabla hujaondoka hospitali, omba muhtasari wa matibabu na uusome, au umpe kijana wako akusomee. Je, wametaja mfupa gani, wa kulia au wa kushoto? Wamesema kama ngozi ilipasuka? Wameeleza kama mfupa ulirudishwa, na kwa njia gani? Kama kuna chuma au skrubu ndani, imeandikwa? Kisha uliza kama marudio ya kliniki yamo kwenye bei ileile. Katika utaratibu wa CPT, plasta ya kwanza na marudio ya kawaida ya siku 90 huhesabiwa pamoja na tiba yenyewe. Uliza bima yako inafuata utaratibu gani, usije ukalipa mara mbili.

Usione haya kuuliza. Karatasi ile ni yako, na mkono ni wako. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.