Eliya alipochoka, Mungu alianza na mkate



Wapendwa, huku kwetu Lagangabilili mtu akiwa kimya siku nyingi tunasema, "Ana mawazo," kisha tunapita. Mkulima wa pamba anayedaiwa dawa za kupulizia, mvua ikakatika kabla vitumba havijakomaa, hukesha akihesabu deni. Asubuhi akisalimiwa "Mwangaluka," huitikia vizuri na kushika jembe. Kilichomo kichwani hakuna anayekijua, maana tumefundishana kwamba mwanamume hulia moyoni.

Tusome Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli na mvua imerudi baada ya ukame mrefu. Lakini tishio moja la malkia Yezebeli linamkimbiza hadi Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Huyu si mtu wa imani haba. Ni mtu aliyeishiwa nguvu.

Mungu hamkemei. Anamtuma malaika amguse, ampe mkate na maji. Eliya analala tena, anaamshwa, anakula mara ya pili. Mahubiri hayajaanza bado. Wataalamu wanatuambia kuwa ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Asiyelala wala kula vizuri huona hofu yake kubwa na msaada wake mdogo. Basi kabla ya kumwambia mtu kuwa hasali vya kutosha, tumwulize kwanza kama amelala na kama amekula.

Huko Horebu Mungu anamwuliza Eliya mara mbili anafanya nini pale, na mara mbili Eliya anajibu kwa maneno yaleyale: amebaki peke yake. Ndivyo akili iliyoumia inavyokwenda, kama ng'ombe anayezunguka kigingi alichofungiwa. Mungu anamsikiliza mpaka mwisho, mara zote mbili. Ndipo anampa kazi, anampa Elisha wa kwenda naye, na kumwambia kwamba wako 7,000 wasiompigia Baali magoti. Hakuwa peke yake, ila uchungu ulikuwa umemfungia macho.

Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani jijini Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wanaosumbuliwa na kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliosikilizwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida tu.

Nasi bibi zetu tumewafanyia nini? Hapa Usukumani wako waliozeeka mekoni, macho yakawa mekundu kwa moshi, wakaitwa wachawi, na wengine wakauawa kwa mapanga. Akili ya mtu mmoja inaugua, ukoo unakwenda kwa mganga kutafuta wa kumlaumu. Bibi ambaye Harare angekaa kwenye benchi kuponya, kwetu anaogopa jua likizama. Hiyo ni dhambi, wapendwa, na dawa haimo ndani yake.

Dawa ipo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kuwa tabibu na dawa ni kazi ya Mungu, tena anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utapewa rufaa hadi hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Na kwa familia zilizompoteza mtu aliyejiua, Kanisa katika Katekisimu, namba 2282 na 2283, linakiri kuwa maradhi mazito ya akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, na linatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Tuwaombee, na tusiwasengenye wafiwa.

Wiki hii, kila jumuiya ndogo ndogo imtaje mmoja aliyeacha kuja. Wawili waende kwake, wabebe michembe au unga kidogo, wakae chini. Wamwulize hali yake. Akijibu "nzuri tu," wasubiri kidogo, wamwulize mara ya pili.

Nawatakia Dominika njema.