Gari la Kabureta Linapokosa Sailensi: Tuanzie Wapi?

Msafiri wa barabara ya Himo, Marangu na Mkuu hadi Tarakea huyafahamu magari haya: Land Rover za Series III, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, ambazo zingali zikibeba ndizi, majani ya ng'ombe na familia nzima siku ya Idi. Maradhi yao yanajulikana pia. Mashine hunguruma vizuri mguu ukiwa juu ya mafuta. Mguu ukiondolewa hukohoa, kisha ikazima.

Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya mwendo ili mashine izunguke kwa kasi zaidi. Hiyo si tiba, ni kuufunika ugonjwa. Petroli huliwa bure na mashine huchemka. Na mwenye kufanya hivyo ili amuuzie mwenzake gari bila kumweleza kasoro, hiyo ni ghushi. Hatari nyingine imo mteremkoni. Gari lenye boosta ya breki likizima huku gia ikiwa huru, akiba ya boosta hutosha mikanyago michache tu, kisha pedali huwa nzito, na watoto wamo nyuma.

Basi tuanze kwa kuuliza: huzima lini? Gari lililotengenezwa Moshi mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, likipanda Tarakea hukuta hewa nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa kadiri ya asilimia 10, ilhali kabureta huendelea kumimina petroli karibu ileile. Plagi zikitoka nyeusi zenye masizi makavu, mchanganyiko umezidi petroli. Na asubuhi za ukungu, petroli inapogeuka mvuke huipoza kabureta hadi barafu ikafanyika ndani yake. Dalili yake ni gari kuzima baada ya dakika chache za mwendo, kisha kuwaka vyema likipumzishwa kidogo.

Pili, tukague moto kabla ya kuilaumu kabureta. Platini ziachane kwa takriban milimita 0.4, plagi ziwe safi, na nyaya zisiwe na nyufa. Platini zilizoungua zimewafanya wengi wanunue kabureta wasiyoihitaji.

Tatu, tutafute hewa ya wizi. Mashine ikiwa inazunguka, tunyunyizie maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifodi, mbali na nyaya za moto. Sauti ikibadilika, hapo pana tundu. Kamwe tusitumie petroli kwa kazi hii. Manifodi ya moto iko karibu, na moto hauna subira. Kisha tubane mpira wa boosta: mashine ikitulia, boosta au mpira wake unavuja, na breki zishughulikiwe kwanza.

Nne, kabureta yenyewe. Tuikaze taratibu skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho, bila nguvu. Mashine yenye afya itazima. Isipojali, ama jeti ya sailensi imeziba, ama kuna njia nyingine inayopitisha hewa au petroli. Jeti isafishwe kwa pumzi ya kompresa, si kwa waya, kwa kuwa waya hupanua tundu. Land Rover nyingi za petroli zina kabureta ya Zenith 36IV, na kasoro yake ni mashuhuri: uso wa kifuniko chake hupinda kwa joto, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani huchakaa. Fundi huusawazisha uso kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kisha huweka pete mpya.

Mwisho ni kurekebisha, mashine ikiwa imepata moto na choki imefunguliwa kabisa. Skrubu ya mchanganyiko izungushwe polepole hadi sauti iwe laini kuliko zote, ndipo skrubu ya mwendo ipunguzwe. Kazi hii ifanyike Tarakea ikiwa gari linaishi Tarakea.

Tumweleze fundi haya yote kabla hajashika bisibisi, na tumwombe abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Atakayebadilisha matatu kwa pamoja hatajua lipi lililoponya, na mwenye gari atalipia yote.