Kengele Peke Yake Haimwiti Jirani

Mtu atokaye Tunduru mjini akashika njia ya kusini, kuuelekea Mto Ruvuma, hufika Nalasi, katika nchi ya Wayao na mikorosho, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Sehemu kubwa ya wenyeji wa huko ni Waislamu tangu enzi za babu zao. Kanisa lililoko mahali kama hapo halina budi kujiuliza swali ambalo kanisa la Peramiho au la Moshi huweza kulisahau: litajitambulishaje kwa watu wasioingia mlangoni mwake siku ya Jumapili?

Ndugu msomaji, swali hili si la watu wa Nalasi peke yao. Wengi wetu tufanyao kazi mijini huletewa kila mwaka barua ya mchango kutoka kanisa la nyumbani. Zamani barua hizo ziliomba mabati na saruji. Siku hizi aghalabu huomba vipaza sauti. Wazee wa kanisa huandika kwamba vikipatikana, kanisa litajulikana. Na kujulikana litajulikana, hata kwa watoto wachanga waliolala. Lakini kujulikana ni jambo moja, na kupokewa ni jambo jingine.

Historia ya kusini inayo ushahidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni ya Kiingereza iitwayo kwa kifupi UMCA, alifika Masasi kutoka Zanzibar pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nao wakajenga huko. Steere alikuwa mtu wa lugha na wa matbaa. Miaka sita kabla ya safari hiyo alikwisha kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Yaani kabla ya kuwapa watu maneno yake, alikwisha kuketi akayasikiliza ya kwao.

Shule ya misheni hiyo hiyo huko Kiungani, Unguja, ndiyo iliyotoa gazeti la Msimulizi mwaka 1888, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Lilikusanya habari za vituo vya misheni, likawaunganisha walimu waliotawanyika mbali mbali. Hata hivyo, msomaji wake alikuwa mtu aliyekwisha kufundishwa kusoma, na aliyemfundisha ni misheni. Jirani wa pili yake hakuwamo.

Jirani alipatikana kwa njia nyingine, nayo ni jando.

Kwa muda mrefu wamisionari walilikataza. Mzazi Mkristo akabanwa pande zote mbili. Akimpeleka mwanawe porini alilaumiwa na kanisa. Asipompeleka, kijana alibaki mtoto machoni pa watu hata akiota ndevu, na kupata mchumba ni shida. Matokeo yake ni yale yale ya kila katazo lisilomsikiliza mkatazwa: watoto walipelekwa kwa siri. Mwanzoni mwa karne ya 20, Padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishirikiana na Wakristo wenyeji wakaanzisha jando la Kanisa. Kambi ya porini ikabaki. Tohara ikabaki, na mafundisho ya adabu na heshima kwa wakubwa yakabaki. Sala zikaingizwa, na mambo yaliyoonekana kupingana na imani yakaondolewa. Wari wakatoka mbele ya watu wote, si gizani.

Haifai kulisifu jambo hili kupita kiasi. Mgeni ndiye aliyejipa mamlaka ya kupima mila ya mwenyeji, hiki kizuri, hiki kibaya. Na upande wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu unyago ulikuwa mali ya akina mama na makungwi, na padri hakuwa na mlango wa kuingilia. Lakini aliyetazama kwa makini angeona jambo la ajabu. Miongoni mwa Wayao, walimu wa Kiislamu nao walikuwa wameipitia njia iyo hiyo: tohara ya zamani ya lupanda iliingizwa dua na mafunzo ya dini, ikageuka jando la Kiislamu. Dini mbili ziliingia katika nyumba moja kwa mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa malezi ya watoto.

Baada ya jando ilifuata tiba. Daktari Leader Stirling, aliyefika upande wa Masasi mwaka 1935, alifanya upasuaji Lulindi katika majengo ya kienyeji, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980. Mwenye ngiri hakuhitaji kutangaziwa hospitali iko wapi. Aliyepona alirudi kijijini akasimulia mwenyewe.

Mwalimu Nyerere naye, akizungumza na masista wa Maryknoll huko Marekani mwaka 1970, aliyaonya makanisa kwamba yasiposhiriki katika vita dhidi ya hali zinazowafunga watu katika umaskini, yatakuwa hayana maana tena kwao.

Sisemi kwamba mitambo haina kazi. Tangu mwaka 1963 studio ya Moshi ilitayarisha vipindi vya Kiswahili vya Sauti ya Injili, vikarushwa kutoka Addis Ababa, na wasikilizaji hawakukosekana. Mwaka 1977 serikali ya Ethiopia ikakitaifisha kituo, na sauti ile ikanyamaza.

Kwa hiyo barua ya vipaza sauti inaponifikia, mimi hujibu kwa maswali kabla ya fedha. Kisima cha kanisa, kama kipo, huteka nani? Jirani Mwislamu alipofiwa, nani kati ya wazee alikwenda kuketi matangani, na alikaa muda gani? Darasa la jioni la kusoma na kuhesabu limefunguliwa kwa watoto wote au kwa wa kipaimara peke yao? Vipaza sauti vyenyewe vitaelekezwa upande gani, na imamu ameulizwa kuhusu saa za sala?

Wako wanaokasirika, wakasema mjini nimejifunza ubahili. Wako pia wanaojibu swali baada ya swali, na mara moja waliniandikia kwamba baada ya kuzungumza na imamu wameona vipaza sauti viwili vinatosha badala ya vinne. Hao niliwatumia fedha kwa simu jioni ile ile, na iliyobaki wakanunulia kamba mpya ya kisima.