Paa la tembe limebonyea: urekebishe au uezue?

Msimu huu wa kiangazi simu nyingi ninazopokea haziulizi mbegu, zinauliza paa. Hapa Dodoma bado tuna tembe nyingi, na hata aliyehamia nyumba ya bati mara nyingi ile tembe ya zamani ameigeuza ghala au banda la mbuzi. Paa lake ni la bapa: nguzo, boriti, fito, majani, halafu udongo. Likianza kubonyea katikati, swali huwa lile lile: "Bwana shamba, nikiongeza udongo si maji yataacha kuingia?"

Usiongeze udongo. Udongo ndio unaolivunja.

Tupige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye udongo wa sentimita 20 juu kina mita za ujazo 2.4. Udongo mkavu ulioshindiliwa una kama kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo. Maana yake juu ya vichwa vyenu kuna karibu tani 4, na mvua ikinyesha uzito unazidi. Penye bonde maji yanatuama, boriti inapinda zaidi, bonde linakuwa kubwa.

Hata kama halijaanguka, linavuja. Mahindi na karanga zikilowa zinaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Nafaka iliyoota ukungu msile, wala msiwape kuku.

Pima kwanza

Toa mifugo na mazao yote. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, uone imeshuka kiasi gani katikati, uandike. Rudia baada ya wiki mbili. Boriti iliyopinda miaka mingi ikatulia hainitishi sana. Inayoendelea kushuka ndiyo hatari.

Kisha chukua kisu, choma boriti hasa pale inapoingia ukutani, maana huko ndiko huoza mapema. Fukua kidogo chini ya kila nguzo, mchwa huanzia hapo. Kisu kikizama kirahisi, mti huo umekwisha.

Kama ni boriti moja au mbili

1. Simamisha nguzo za muda chini, juu ya jiwe bapa, zisizame.
2. Punguza udongo kidogo kidogo kutoka pande zote mbili kwa usawa. Mtu asisimame katikati ya paa, na asiwepo mtu chini.
3. Boriti nzima iliyopinda inyanyue kwa kabari, kidogo leo, kidogo kesho. Usilazimishe, itapasuka.
4. Iliyooza, weka mpya pembeni yake kabla ya kuitoa.
5. Rudisha udongo mwembamba, usiozidi sentimita 10, wenye mteremko wa kutoa maji nje.

Kama nyingi zimeoza

Hapo usitupe hela kwenye viraka. Ezua lote, weka bati la mteremko wa upande mmoja. Kwa upana wa mita 3, ukuta mmoja uwe juu kuliko mwingine kwa sentimita 60 hivi. Kama ukuta wa udongo umepasuka au umeinama, bati lisikae juu yake. Simamisha nguzo mpya.

Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa mkunjo, siyo kwenye bonde lake. Na kumbukeni: paa la udongo lilikaa kwa uzito wake, bati ni jepesi, upepo wa huku unalibeba. Funga mbao kwenye nguzo kwa waya mnene. Bati pia lina joto, kwa hiyo acha matundu ya hewa juu, uyazibe kwa wavu panya wasipite. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo fundi amalize kabla Oktoba haijaisha. Kama hela ya bati haijapatikana, basi wiki hii fanya mawili yasiyo na gharama: punguza udongo, na hamisha chakula. Watoto nao wasilale humo.