Datsun ya marehemu baba yatimua vumbi Busiika

Baba alipokimbia Kampala mwaka 1985 aliacha nyumba, shamba na Datsun 1600. Nyumba na shamba vilipata wenyewe wapya. Gari lilibaki bandani. Panya walishamaliza nyaya, nani angelitaka?

Mimi nilisomea Nairobi. Huko baba hakuchoka kumtaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeikimbia nchi wakati wa Amin mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, na baadaye akashinda mara nne zaidi. "Mkimbizi mwenzetu," baba alisema.

Siku hizi, nikishasahihisha madaftari, wikendi nakwenda Busiika na wenzangu wenye magari ya zamani. Tunashindana na saa tu, zawadi hakuna. Kabureta niliipata Busia. Mama muuzaji alinipunguzia bei aliposikia Kiswahili changu cha Nairobi, ingawa alikicheka. Vipuri vingine nilivisaka Kisekka.

Jumapili iliyopita injini ilichemka mzunguko wa tatu. Nikiwa nasubiri ipoe, bwana mmoja akanitajia bei: inatosha karo ya binti yangu mwaka mzima. Mke wangu ameshasema tuuze. Nimemwomba mnunuzi wiki mbili.